Shilingi sita za kikoba na sapu ya Diskriti

BARUA

Shikamoo mwalimu,

Mimi ni binti wa miaka 22, niko mwaka wa pili wa diploma ya kompyuta katika chuo kimoja hapa Mwanza. Nakuandikia nikiwa njia panda, na sina mtu mwingine wa kumuuliza ambaye hatanicheka.

Shule ya msingi nilikuwa nazipenda hesabu, na darasa la saba nilifaulu vizuri tu. Nilipoingia sekondari kila kitu kikageuka Kiingereza, nikawa nanakili ubaoni bila kuelewa, na kidato cha nne nikatoka na D ya Hisabati. Kompyuta niliichagua kwa sababu watu walisema ina ajira, lakini sasa nimeipenda kwa moyo. Naandika programu kwa lugha ya Python mpaka usiku wa manane. Tatizo ni kwamba semista iliyopita nimepata sapu, yaani mtihani wa kurudia, ya Diskriti, lile somo la seti, mantiki, uthibitisho na grafu. Mwalimu mmoja akasema mbele ya darasa zima kwamba mwenye D ya hesabu asijidanganye, programu si mahali pake, heri akafungue banda la kutengeneza simu. Watu wakacheka. Nilijua ananisema mimi, maana ndiye aliyesahihisha karatasi yangu.

Kwa upande mwingine nina kaka, mtoto wa mama mkubwa, yuko Dar es Salaam. Anatengeneza tovuti na apu za biashara, huu ni mwaka wa sita, na anasomesha wadogo zake wawili kwa kazi hiyo hiyo. Yeye anasema hesabu za chuo ni kupoteza muda. "Mdogo wangu, miaka sita sijawahi kuitafuta x." Anataka niache chuo, niende kwake anifundishe kazi kwa miezi mitatu, nianze kula jasho langu.

Ningeshamfuata, ila kuna mambo mawili yalitokea mwishoni mwa mwaka yamenivunja moyo. Mama yuko kwenye kikoba cha akina mama 31. Nikamwandikia programu ya kutunza hisa, mikopo na marejesho, wakaacha daftari. Mwezi Novemba nikaongeza sehemu ya kutuma ujumbe wa kukumbusha: kama si wanachama wote wamelipa, tuma ukumbusho. Ujumbe wa "hujalipa" ukaenda kwa wote 31, hata kwa waliolipa tarehe mosi. Bibi mmoja ambaye hajawahi kuchelewa hata siku moja alikuja nyumbani na kadi yake mkononi, amevimba kwa hasira, na mama ikabidi amwombe radhi.

Desemba wakavunja kikoba. Faida ilikuwa sh. 850,000 na hisa zote 1,230. Programu ikapiga mgao wa kila mmoja kulingana na hisa zake, ikaondoa desimali kwa kukadiria kwenye shilingi iliyo karibu. Jumla ya mgao ikaja sh. 850,006. Shilingi sita zaidi ya zilizopo! Katibu akasema kompyuta haikosei, anayekosea ni aliyeiandika. Mama akajazia mwenyewe, hakusema neno, lakini mwezi uliofuata daftari lilirudi mezani.

Tangu hapo najiuliza kama yule mwalimu alisema kweli. Sapu ni baada ya wiki saba. Nikae nisome, au nipande basi la Dar? Na hiyo hesabu, mwalimu wangu, ina kazi gani hasa kwenye programu?

Wako,
Binti wa kikoba, Mwanza

JIBU

Marahaba mwanangu.

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na karatasi na kalamu, na naomba nianze na zile shilingi sita. Naona zinakuuma kuliko maneno ya yule mwalimu.

Hakuna aliyeiba, na hukukosea kujumlisha. Gawanya 850,000 kwa hisa 1,230: kila hisa inapata shilingi 691 na kipande kidogo, kama senti sita hivi. Mwanachama mwenye hisa 40 anastahili sh. 27,642.28. Programu yako ikampa 27,642, ikampunja senti 28. Mwenye hisa 47 anastahili sh. 32,479.67. Programu ikampa 32,480, ikamwongezea senti 33. Kila mmoja kati ya wale 31 aliongezewa au kupunjwa, lakini hakuna hata mmoja aliyeguswa kwa zaidi ya nusu shilingi, kwa sababu ndivyo kukadiria kwenye shilingi iliyo karibu kunavyofanya kazi. Sasa chukua 31, zidisha kwa nusu: unapata 15.5. Maana yake ni kwamba hata wote wangevutwa upande mmoja, jumla yako isingeweza kukosea kwa zaidi ya shilingi 15. Sita imo ndani. Ingekuwa tofauti ni shilingi 200, ningekwambia kukadiria hakuhusiki, katafute kosa kwingine, na pengine mtu mwingine.

Angalia nilichofanya hapo. Sikutafuta x. Sikuhitaji hata kujua kila mama ana hisa ngapi. Niliuliza swali moja tu: kosa la namna hii linaweza kuwa kubwa kiasi gani, vyovyote vile hisa zilivyogawanyika? Nikapata mpaka ambao hauvukiki. Hiyo ndiyo hisabati ya kompyuta, na laiti ungekuwa nayo siku ile mbele ya katibu, mama asingeinamisha kichwa.

Na dawa yake iko hapo hapo. Usikadirie. Mpe kila mmoja shilingi kamili anazostahili, vipande vyote vikate. Fedha zitakazobaki ni jumla ya vipande 31, kila kimoja kidogo kuliko shilingi moja, kwa hiyo haziwezi kuzidi shilingi 30. Hizo ama mzigawe moja moja kuanzia kwa aliyekatwa kipande kikubwa zaidi, ama mziache kwenye mfuko wa jamii. Muhimu ni kwamba sanduku halitadaiwa tena shilingi ambayo haimo, mwaka huu, mwaka ujao, wawe wanachama 31 au 310.

Ufanye hivyo kwa namba kamili, usitumie desimali za kompyuta kwenye fedha za watu. Fungua Python yako sasa hivi uiulize 0.1 + 0.2. Itakujibu 0.30000000000000004. Haijaharibika. Kompyuta inaandika namba kwa msingi wa mbili, yaani kwa 0 na 1 tu, na sehemu moja ya kumi kwenye msingi wa mbili haina mwisho, kama theluthi isivyo na mwisho kwenye desimali zetu, 0.333 na kuendelea. Kwa hiyo inaikata mahali. Kwenye kikoba mkato huo hauonekani kirahisi. Lakini tarehe 25 Februari 1991, kule Dhahran, Saudi Arabia, mtambo wa Marekani wa kutungua makombora, aina ya Patriot, ulikuwa umewaka kwa saa kama 100 mfululizo, na saa yake ya ndani ilikuwa ikihesabu muda kwa sehemu za kumi za sekunde. Ule mkato mdogo ulikuwa umejilimbikiza mpaka theluthi moja ya sekunde. Kombora lililorushwa kutoka Iraq likawa haliko pale mtambo ulipotazamia, halikutunguliwa, na askari 28 wakafa. Nakueleza hili si kukutisha. Kuna walimu wanaofundisha msingi wa mbili kama zoezi la kubadilisha namba tu, wanafunzi wanabadilisha, wanapata alama zao, na hakuna anayewaambia kwa nini.

Sasa yule bibi na kadi yake.

Wewe mwenyewe umeandika sentensi iliyobeba kosa, isome tena polepole: "kama si wanachama wote wamelipa, tuma ukumbusho." Kwa Kiswahili chetu unajua kabisa kwamba "si wote wamelipa" na "wote hawajalipa" ni mambo mawili. Mtoto wa darasa la pili akiambiwa "si wote waliofaulu" hadhani darasa zima limefeli. "Si wote wamelipa" maana yake yupo angalau mmoja ambaye hajalipa, basi, na haikuambii ni nani. Programu yako iliuliza swali kuhusu kundi zima, ikapata jibu "si wote", ikalichukua jibu hilo la kundi na kumbandika kila mama mmoja mmoja. Swali lilitakiwa liingie ndani ya lupu, ile sehemu ya programu inayojirudia, liulizwe mara 31: wewe hapa, umelipa? Kama hujalipa, ujumbe huu ni wako.

Fungua daftari lako la Diskriti, mada ya mantiki, pale penye zile alama mbili za ajabu, A iliyopinduliwa kichwa chini na E iliyogeuzwa kinyumenyume. A ni "kwa kila", E ni "yupo angalau mmoja". Kanuni iliyoandikwa hapo inasema kukanusha "kila" kunazaa "yupo ambaye si". Ndiyo hadithi ya bibi na kadi yake, imeandikwa kwa alama. Na ule mpaka wa shilingi 15 ni uthibitisho, mada inayofuata. Kwa hiyo mwanangu, yale mawili yaliyokuvunja moyo yametoka mle mle ndani ya somo ulilopata sapu. Kikoba cha mama kilikuwa maabara yako ya Diskriti na hakuna aliyekwambia.

Jibu langu basi ni hili: usipande basi. Kaa, soma, fanya sapu.

Kuhusu yule mwalimu. Kumsema mwanafunzi mbele za watu kwa karatasi aliyoisahihisha mwenyewe ni kosa, na sitalipamba. Ila nataka uone pia alipokosea kwenye hoja yenyewe. D yako ya kidato cha nne ilipima kitu fulani: kasi ya kukumbuka njia, ndani ya saa tatu, kwa lugha ambayo hukufundishwa hesabu kwayo tangu utoto. Si kitu cha kudharau, lakini sicho ninachokitafuta ninapomfundisha mtu programu.

Nina zoezi ninalowapa wanafunzi kila mwaka. Kompyuta inahesabu saa kuanzia 0 hadi 23, zile saa za kizungu. Andika programu inayopokea saa hiyo na kutoa saa ya Kiswahili: ikipewa 7 itoe saa moja, ikipewa 13 itoe saa saba. Mwaka mmoja kijana mwenye A ya hesabu alimaliza kwa dakika mbili. Ongeza 6, gawanya kwa 12, chukua baki. Mstari mmoja, mzuri kweli. Akaijaribu kwa 7, kwa 8, kwa 13, ikajibu sawasawa, akafunga laptopu. Pembeni yake alikaa dada mmoja mwenye D kama yako. Yeye aliandika mistari 24: kama ni 0 toa 6, kama ni 1 toa 7, akashuka nayo mpaka 23. Wenzake walimcheka. Nikamwomba yule kijana aingize 6. Kioo kikaandika "saa 0 asubuhi".

Saa sifuri hatunayo. Alfajiri ni saa kumi na mbili. Yule dada alikuwa amezipita saa zote moja moja kwa mkono, kwa hiyo saa kumi na mbili alikuwa amekutana nayo, mara mbili kwa siku. Nikamwambia sasa nawe tafuta mstari mmoja unaofanya kazi ya hiyo 24. Akachora duara la saa kwenye karatasi, akakaa nalo karibu nusu saa, kisha akaja: ongeza 5, gawanya kwa 12, chukua baki, halafu ndipo uongeze 1. Baki ya kugawanya kwa 12 ni kuanzia 0 hadi 11, ukiongeza 1 inakuwa 1 hadi 12, sifuri haina pa kutokea. Nikamuuliza amejuaje kwamba itakuwa sahihi kwa zote 24. Hakusema "nimeijaribu". Alinieleza kwa nini. Siku hiyo nilirudi nyumbani na furaha ambayo siwezi kuieleza kwa mtu asiyefundisha.

Mtu wa programu anaombwa hilo: kujua kwa nini jibu ni sahihi hata kwa zile hali ambazo hakuzijaribu. Yule kijana wa A alikuwa na fomula, akakosa mazoea ya kuuliza mipakani kuna nini. Mazoea hayo yanafundishika, na sapu yako inaweza kuwa mahali pa kuyaanza.

Kaka yako simpuuzi hata kidogo. Anayesomesha wadogo wawili kwa kazi ya mikono yake anajua anachosema. Na anasema kweli kwamba kwenye tovuti ya duka la nguo hatakutana na kalkulasi. Sehemu kubwa ya kazi za apu ndivyo ilivyo, na mwalimu anayewaficha wanafunzi jambo hilo anawapotosha. Lakini "kuitafuta x" siyo hesabu yote. Muulize hivi: ukitaka kujua kama kuna namba ya simu iliyosajiliwa mara mbili, ukalinganisha kila mteja na kila mwenzake, wateja 31 wanakupa malinganisho mangapi? Ni 31 mara 30, gawanya kwa mbili, unapata 465. Kompyuta haitahema. Wateja 4,000 je? Malinganisho yanafika 7,998,000. Wateja wameongezeka mara 129 hivi, kazi imeongezeka zaidi ya mara 17,000. Nina hakika kaka yako amewahi kuiona tovuti iliyokuwa nyepesi siku ya uzinduzi ikaanza kukwama baada ya mwaka, akaweka faharisi, yaani orodha iliyopangwa ya kutafutia, kwenye hifadhidata, ikapona. Alipofanya hivyo alitumia hisabati. Aliijua kwa uzoefu, miaka sita, pengine kwa kuwakosea wateja wachache njiani. Chuo kinaweza kukupa ujuzi huo kabla ya kuwakosea.

Nenda kwake likizo. Miezi mitatu ya kazi halisi itakufaa sana, nami nakusihi usiipoteze nafasi hiyo. Ila isiwe badala ya sapu.

Nikupe mfano mmoja wa watu wakubwa, ili usidhani haya ni ya wanaoanza. Kutafuta jina kwenye orodha iliyopangwa kwa alfabeti, unafungua katikati, unaona jina unalolitaka liko mbele au nyuma, unatupa nusu isiyohusika, unarudia. Majina milioni moja yanaisha kwa hatua 20 tu, kwa sababu ukizidisha mbili kwa yenyewe mara 20 unapita milioni. Ni njia inayofundishwa kila chuo, na uthibitisho wake umeandikwa vitabuni miaka mingi. Mwaka 2006 mhandisi Joshua Bloch alieleza hadharani kwamba toleo lake la njia hiyo kwenye maktaba ya Java, lugha nyingine ya programu, ambalo aliliandika yeye mwenyewe, lilikuwa na kosa kwa takriban miaka tisa. Ili kupata katikati alijumlisha mwanzo na mwisho, akagawanya kwa mbili. Ni sahihi kabisa kwenye karatasi! Lakini namba kamili za kawaida za Java zinaishia 2,147,483,647. Orodha ikizidi vitu bilioni moja, jumla inaweza kuvuka hapo na kugeuka hasi. Dawa ni kuchukua tofauti ya mwisho na mwanzo, kuigawa nusu, kisha kuiongeza kwenye mwanzo. (Kwenye Python yako namba kamili hazina mpaka huo, usihangaike.) Ninachompendea Bloch ni kwamba hakuficha. Alieleza dhana iliyokuwa imejificha: uthibitisho ulihusu namba zisizo na mpaka, mashine ina mpaka.

Kuna jambo lingine umelipitia haraka kwenye barua yako ambalo mimi naliona zito. Umesema hesabu ulizipenda mpaka zilipogeuka Kiingereza. Wako wengi kama wewe, na nimewafundisha. Mwanafunzi anajua kabisa namba tasa ni nini, anajua kutafuta kigawo kikubwa cha shirika kwa kichwa, lakini akikutana na sentensi ya Kiingereza yenye maana ya "angalau" na nyingine yenye maana ya "isizidi" anazichanganya, na kwenye Diskriti neno moja kama hilo linabeba swali zima. Halafu anajiambia hana akili ya hesabu, kumbe ameteleza kwenye neno la Kiingereza tu.

Kwa hiyo wiki hizi saba nataka usome hivi. Kila ukurasa wa maelezo, ufunge, ulieleze jambo hilo kwa Kiswahili kwa sauti, kwa mdogo wako au kwa ukuta. Ukikwama katikati ya sentensi, hapo ndipo hujaelewa. Rudi hapo tu, usirudie sura nzima. Neno "au" lifikirie sana. Mwenyeji akikuuliza "chai au kahawa" hategemei useme vyote, lakini "au" ya mantiki inakubali vyote viwili, na kwenye mtihani hapo ndipo wengi wanapoteza alama. Jedwali za kweli na si kweli usizikariri, ziandikie programu ya mistari kumi ikuchoree, kisha uifanye kwa mkono na kulinganisha. Seti vilevile: wanachama waliokopa, wanachama waliolipa, nani yuko kote kuwili, nani hayuko popote. Una data ya kikoba, itumie.

Ule uthibitisho wa kupanda ngazi, unaoonyesha kwamba jambo ni kweli kwa 1, kisha kwamba likiwa kweli kwa namba fulani ni kweli kwa inayofuata, najua ndio uliowamaliza. Huwamaliza wengi kwa sababu wanapewa mifano ya jumla za namba ambazo hawana haja nazo. Utazame kwenye lupu ya mgao wako. Kabla ya kumlipa mtu yeyote, kilicholipwa ni sifuri na kilichobaki sandukuni ni 850,000. Ukivijumlisha ni 850,000. Ukimlipa mmoja, unachoongeza upande huu unakitoa upande ule, jumla haibadiliki. Kwa hiyo baada ya wa kwanza ni 850,000, baada ya wa pili ni 850,000, na baada ya wa 31 vilevile. Umethibitisha kwamba programu haizalishi wala haipotezi shilingi. Ukilielewa hilo kwa dhati, yale maswali ya mtihani yatakuwa nguo nyingine ya mwili ule ule.

Mambo ya vekta, matriksi na uwezekano yatakuja ukitaka kwenda kwenye akili mnemba. Kwa sasa yaache. Na kama una nia ya digrii, usiwasikilize watu wa vijiweni, soma vigezo vya kila kozi kwenye mwongozo wa udahili wa TCU, Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania, maana kozi za kompyuta zinatofautiana kwa kiwango cha hesabu zinachodai.

Nimekumbuka jambo la mwisho. Hili neno algoriti wanalolitaja kila siku darasani limetoka kwenye jina la mtu, al-Khwarizmi, aliyefanya kazi Baghdad karne ya 9. Kitabu chake ndicho kilichotupa pia neno aljebra, na sehemu yake kubwa inahusu kugawa mirathi: mtu amekufa, ameacha mke, watoto na wasia, kila mmoja apate fungu lake na mafungu yote yasizidi kilichoachwa. Ni tatizo lako la Desemba.

Kabla hujafungua daftari la sapu, mwombe mama akuitie katibu nyumbani, kwa heshima, na chai iwepo. Mwonyeshe kwenye karatasi, bila laptopu, 31 mara nusu. Mwonyeshe kwa nini tofauti isingeweza kuzidi 15, na jinsi njia mpya itakavyobakiza fedha badala ya kudai. Kisha mwache ajaribu mwenyewe kwa kikokotoo chake, hisa za kila mama, mmoja baada ya mwingine, mpaka afike wa 31.